Inveta inayoyumba kwenye gridi: sikiliza mtikisiko kabla ya kugusa setingi

Natengeneza inveta, vifaa vinavyogeuza umeme wa DC wa sola kuwa AC ya gridi, na simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, inveta inajizima." Ukiuliza inajizima saa ngapi, unajibiwa, "Wakati wowote tu." Ukikaa pale nusu siku utaona kwamba si wakati wowote. Inajizima mota kubwa inapowashwa, wingu linapopita na jua kurudi kwa nguvu, au umeme wa gridi unaporudi baada ya kukatika. Saa za utulivu haziisumbui. Inateswa na ile nusu sekunde ambayo kitu kimebadilika ghafla.

Nimeona mafundi wazuri wakifika kazini na kufungua menyu ya setingi kabla hawajapima chochote. Wanaongeza geini (ukali wa inveta kujibu kosa), wanapunguza, wanapanua mipaka ya volti, na jioni mashine imetulia kwa sababu jua limezama. Kesho yake simu inalia tena. Siku hizi mimi naanza na swali moja kabla ya mengine yote: mtikisiko huu unajirudia mara ngapi kwa sekunde? Kila sehemu ya inveta ina mwendo wake, na ukiujua mwendo wa mtikisiko umeshajua mlango wa kubisha hodi.

Mwendo wa kila sehemu

Chukua inveta ya kawaida ya fezi tatu, 400 V, yenye paneli za sola upande wa DC. Transista zake zinafunguka na kufunga mara 10,000 hadi 20,000 kwa sekunde. Mbele yake kuna chujio la koili mbili na kapasita katikati, lenye mvumo wake wa asili, mara nyingi kati ya 1 na 4 kHz. Kitanzi cha mkondo, kinachohakikisha kwamba ampea zinazotoka ndizo zilizoagizwa, hujibu ndani ya milisekunde moja au mbili, kwa hiyo kikiugua utaona mtikisiko wa mamia ya Hz. Kitanzi cha volti ya DC ni cha taratibu zaidi, kama 10 hadi 100 Hz. Jirani yake ni kitanzi kinachofuata mwendo wa gridi, ambacho mafundi wanakiita PLL. Nacho kinaishi kwenye makumi hayo hayo ya Hz, na ujirani huo huzaa ugomvi mwingi. Juu ya vyote kuna kompyuta ya kituo inayogawa amri kwa inveta zote, na hiyo huhesabu kwa sekunde.

Ili uuone mwendo huo unahitaji oskiloskopu yenye probu tofautishi ya volti na klampu ya mkondo inayosoma hadi kHz kadhaa. Mita ya mkononi haitoshi, kwani inakupa wastani na tatizo lako limejificha ndani ya wastani huo. Weka oskiloskopu isubiri tukio lenyewe: ianze kurekodi volti ikishuka chini ya asilimia 90, na ihifadhi kilichotokea milisekunde 100 kabla na 500 baada. Kama huna chombo hicho, inveta nyingi za sasa zina kumbukumbu ya matukio ambayo programu ya kompyuta inaweza kuitoa. Isome kabla ya kuifuta.

Na kabla ya kufungua kifuniko, zima upande wa AC na wa DC, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko, kisha pima kapasita za DC kwa mita. Volti 700 zilizobaki kwenye kapasita zinaua sawasawa na za kwenye laini.

Kabla ya yote, gusa nati

Niliwahi kuitwa kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Kila asubuhi korona, mashine ya kuchakata mkonge, ilipowashwa, inveta zote za paa la ghala zilijizima kwa pamoja, zikarudi baada ya dakika kadhaa. Kwa siku mbili nilihangaika na setingi za PLL. Siku ya tatu, nikisubiri korona iwashwe, nilielekeza kipimajoto cha mwanga kwenye breka kuu. Fezi mbili zilisoma nyuzi 41. Ya tatu ilisoma nyuzi 94.

Kebo ilikuwa ya alumini, imebanwa moja kwa moja kwenye shaba bila lagi ya metali mbili (kiungio cha alumini na shaba). Kutu nyeupe ilikuwa imeota kati yao. Mota ya korona ilipovuta mkondo wa kuanzia, ambao kwa mota inayowashwa moja kwa moja hufika mara 6 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida, fezi ile iliporomoka kuliko wenzake na inveta ikaona gridi iliyopinda, yaani fezi zisizolingana. Tulibadilisha lagi, tukasugua, tukakaza kwa spana yenye kipimo. Asubuhi iliyofuata korona ilinguruma, singa zikaanza kutoka, na kwenye skrini nikaona volti imeshuka, mkondo umetikisika mizunguko miwili, kisha umenyooka. Setingi zote nilizirudisha zilivyokuwa.

Kwa hiyo anza na viungo: breka, boksi la mita, nyutro, ardhi. Pima joto wakati mzigo umepanda, kwa sababu kiungo kibovu bila mkondo ni baridi kama kizima.

Kisha jua laini yako ni dhaifu kiasi gani. Washa mzigo wa hita wa fezi tatu uliosawazishwa, ili nyutro isibebe mkondo, upime volti ya fezi kabla na baada. Ikiwa ampea 20 zimeshusha volti kutoka 236 hadi 230, una volti 6 kwa ampea 20, yaani ohmu 0.3. Hesabu hii ya darasa la saba inakupa kitu ambacho mwongozo wa inveta hauwezi kukujulisha, nacho ni tabia ya laini ya mteja wako. Kwa vituo vikubwa tunatumia uwiano wa uwezo wa shoti wa gridi (nguvu ambayo gridi ingeisukuma kwenye shoti) pale mlipoungana, ukigawanywa kwa nguvu ya kituo. Juu ya 3 gridi ina nguvu, kati ya 2 na 3 ni dhaifu, na chini ya 2 inveta ya kawaida haipaswi kuachwa na setingi za kiwandani.

Dalili: mlio mkali, mkondo wenye manyoya

Kwenye skrini wimbi la mkondo lina manyoya ya 1 hadi 3 kHz. Masikioni unasikia koili zikilia kama nzi ndani ya chupa. Mara nyingi inveta moja ikifanya kazi peke yake iko shwari, ukiwasha ya sita au ya saba kelele inaanza.

Hapa mgonjwa ni chujio, na wengi hukosea wakidhani inveta ya saba ni mbovu. Tuhesabu. Koili ya upande wa inveta ina 2 mH, ya upande wa gridi 1 mH, kapasita 8 µF. Mvumo wa asili wa chujio hili kwenye gridi yenye nguvu unatoka kama 2,180 Hz. Sasa kuna transfoma ya 100 kVA yenye impidansi ya asilimia 4, ambayo kwa 400 V ni kama ohmu 0.064, sawa na 0.2 mH. Unaweza kusema 0.2 ni ndogo mbele ya 1 mH. Lakini inveta 10 za aina moja zikipitisha mkondo kwa pamoja kwenye transfoma hiyo, volti inayopotea pale ni ya mikondo 10, na kila inveta inajiona kama imefungwa peke yake nyuma ya 2 mH. Koili ya upande wa gridi imekuwa 3 mH badala ya 1. Mvumo umeshuka hadi karibu 1,625 Hz.

Tofauti hiyo inauma kwa sababu ya kuchelewa kwa kompyuta ya ndani. Inveta inayosoma vipimo mara 10,000 kwa sekunde inachelewa kujibu kwa kama mzunguko mmoja na nusu wa kusoma, na kuchelewa huko kunaweka mpaka kwenye sehemu ya sita ya kasi ya kusoma, hapa 1,667 Hz. Inveta inayopima mkondo wa upande wa gridi hutulia yenyewe mvumo ukiwa juu ya mpaka huo, na hutikisika mvumo ukiwa chini bila kitu cha kuutuliza. Inayopima mkondo wa upande wa transista ni kinyume chake. Inveta zako 10 zimevuka mpaka kutoka 2,180 hadi 1,625 bila mtu yeyote kugusa setingi.

Tiba ziko tatu, na mimi huzijaribu kwa mpangilio huu. Kama programu ya ndani ina utulizaji wa mvumo, uwashe, na ikiwa inakuuliza indaktansi ya gridi, mpe ile uliyohesabu kutoka kwenye transfoma ikiwa imezidishwa kwa idadi ya inveta. Ikikosekana, shusha geini ya kitanzi cha mkondo kwa robo, upime tena. La mwisho ni rezista ya mfululizo na kapasita za chujio. Inatuliza kwa uhakika, ila inakula nguvu na kutoa joto saa zote za jua, kwa hiyo iwe tiba ya pale mbili za kwanza ziliposhindwa.

Angalia pia kapasita za chujio lenyewe. Kapasita ya 8 µF iliyobaki na 5 inapandisha mvumo, na fezi moja ikichoka kabla ya wenzake, manyoya yatakuwa kwenye fezi moja tu.

Dalili: inatripu kwa mkondo mkubwa mwanzoni kabisa mwa tukio

Volti ya gridi imeshuka, na ndani ya milisekunde 2 hadi 5 inveta imekata kwa ampea nyingi. Hakuna mtikisiko, ni mruko mmoja tu. Inveta ilikuwa inasukuma volti ya zamani dhidi ya gridi ambayo imeshaporomoka, na tofauti ya hizo mbili ikageuka ampea.

Dawa yake ni kukijulisha kidhibiti cha inveta mapema: volti iliyopimwa ya gridi inaingizwa moja kwa moja kwenye amri ya transista, bila kusubiri kitanzi cha mkondo kigundue kosa. Inveta nyingi zina njia hiyo tayari, lakini imewekewa chujio zito mno la vipimo. Chujio linalochelewesha kwa milisekunde 3 limeshaua faida yote. Lipunguze hadi chini ya nusu milisekunde uangalie mruko umeshuka kiasi gani. Ila usisahau upande wa pili: kwenye laini dhaifu volti unayopima inabebwa na mkondo wako mwenyewe, na taarifa hiyo ya mbele ikiachwa wazi kabisa inageuka duara la inveta kujifuata yenyewe. Ukiona manyoya ya mamia ya Hz yameanza baada ya marekebisho haya, rudisha nusu ya njia.

Dalili: volti ya DC inapanda na kukata

Hii ndiyo ninayoikuta mara nyingi kwenye inveta zenye umri wa miaka saba kwenda juu, hasa zilizofungwa chini ya bati bila hewa. Gridi inashuka kwa muda mfupi, inveta haiwezi kutoa nguvu yote, paneli hazijui hilo na zinaendelea kuleta. Ziada inaingia kwenye kapasita za DC.

Kapasita ya 1,000 µF kwenye 700 V imebeba joule 245. Ikiwa ziada ni 10 kW kwa milisekunde 5, ni joule 50 za kuongezea, na volti inapanda hadi kama 768. Kama kikomo cha kukata ni 800, umepona. Sasa chukua kapasita hiyo hiyo ikiwa imezeeka na kubaki 600 µF. Ilibeba joule 147, inapokea 50 zile zile, na volti inafika 810. Imekata. Gridi haijabadilika, setingi hazijabadilika, ila inveta iliyokuwa inapita kwenye mshtuko huo miaka yote sasa inaanguka. Mteja atakuambia umeme wa siku hizi umeharibika.

Ndiyo maana kwa dalili hii huwa sianzi na geini. Naanza na kipimo cha kapasita. Zima, subiri, pima, zitoe kwenye sakiti kisha upime uwezo wake na ukinzani wake wa ndani. Ikiwa zimepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uwezo, zibadilishe zote kwa pamoja, zikiwemo zile zinazoonekana nzima. Kwa kapasita za elektroliti, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu, kwa hiyo safisha feni na njia ya hewa siku hiyo hiyo. Vinginevyo unanunua kapasita za kuoka.

Zikiwa nzima, ndipo uangalie kitanzi cha volti ya DC. Mtikisiko wa 5 hadi 30 Hz unaozima polepole unaonyesha kitanzi kizembe, kwa hiyo kiongezee geini kidogo kidogo. Lakini kuna ukuta. Inveta ya fezi moja, au ya fezi tatu kwenye gridi iliyopinda, ina mawimbi ya 100 Hz kwenye DC ambayo ni ya asili na hayaondoki. Ukikifanya kitanzi kiwe chepesi kiasi cha kuyafuata mawimbi hayo, kitayageuza kuwa hamoniki ya tatu (wimbi la mara tatu ya 50 Hz), yaani 150 Hz, kwenye mkondo wa gridi. Nimeikuta hali hiyo kwa mtu aliyejivunia kwamba volti yake ya DC imenyooka kama uzi, huku nyutro yake inachemka. Baki chini ya 30 Hz, au tumia chujio linaloziba 100 Hz peke yake kwenye kipimo cha volti.

Dalili: mawimbi ya 50, 100 au 300 Hz kwenye thamani za d na q

Ukiwa na programu inayoonyesha mkondo katika d na q (namba mbili ambazo inveta huzipata kwa kuigeuza mikondo mitatu ya fezi iende sambamba na gridi), hii ni rahisi. Thamani hizo zinatakiwa kunyooka. Zikiwa na wimbi la 50 Hz, kihisi kimoja cha mkondo kimehama sifuri, kwa hiyo kisawazishe inveta ikiwa imezimwa. Likiwa la 100 Hz, fezi hazilingani, ama kwenye gridi ama kwa sababu kihisi kimoja kinasoma tofauti na wenzake. Linganisha na klampu yako. Likiwa la 300 Hz ni hamoniki za 5 na 7, mara nyingi kutoka kwa mashine za jirani au muda wa pumziko kati ya transista. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa geini.

Dalili: inalalamika masafa wakati gridi iko sawa

Kosa linaandikwa "masafa nje ya mpaka". Unampigia mtu wa shirika la umeme, anakuambia gridi ilikuwa 50 Hz muda wote. Wote wawili mnasema kweli.

Laini kubwa ikikatwa au transfoma ikibadilishiwa njia, pembe ya volti inaruka hapo hapo. PLL inajua jambo moja tu, kwamba pembe ikienda mbele ni masafa yamepanda. Mruko wa nyuzi 15 ukihesabiwa ndani ya mzunguko mmoja wa milisekunde 20 unatokea kama badiliko la Hz 2 na zaidi, wakati hakuna jenereta hata moja iliyobadili mwendo. Inveta iliyoagizwa ikate papo hapo kwenye 52 Hz itakata.

Jambo hili liliwahi kuitikisa California. Tarehe 16 Agosti 2016 moto wa msituni ulioitwa Blue Cut ulisababisha shoti kwenye laini kubwa, na mashamba ya sola yakapoteza kama MW 1,200 kwa tukio moja. Sehemu kubwa ya inveta hizo ziliamini masafa yameporomoka chini ya 57 Hz kwenye gridi ya 60 Hz, kumbe ilikuwa wimbi lililoharibika kwa muda mfupi. Nyingine ziliacha kutoa mkondo kwa sababu volti ilishuka chini ya asilimia 90. Dawa ya zile za masafa ilikuwa kuweka muda wa kusubiri kabla ya kukata, kwa sababu masafa ya kweli ya gridi kubwa hayawezi kuanguka ndani ya mzunguko mmoja.

Fanya hivyo hivyo kwako, lakini kwa ruhusa. Mipaka ya kukata ni makubaliano na shirika la umeme, inalinda mafundi walio juu ya nguzo. Kinachokuhusu wewe ni kipimo. Ongeza muda ambao PLL inautumia kukadiria masafa ya ulinzi, hata kama pembe inayotumika kudhibiti mkondo inabaki ya haraka.

Dalili ndugu ni mtikisiko wa 5 hadi 40 Hz ambao hauishi, taa zinapepesa, na unazidi nguvu ya jua inavyopanda. Adhuhuri mbaya, saa kumi jioni shwari. Hapa PLL inajifuata yenyewe. Kwenye laini dhaifu mkondo wa inveta unasukuma pembe ya volti, PLL inaifuata pembe hiyo, mkondo unageuka nayo, unasukuma tena. Kosa ambalo kila mtu hulifanya ni kuharakisha PLL ili iweze kukimbizana. Iwe ya polepole. Kama ilikuwa 50 Hz, ishushe hadi 15 au 20, na uhakikishe kitanzi cha volti ya DC hakipo kwenye kasi ile ile. Viachanishe angalau mara tatu. Utapoteza wepesi kidogo pembe inaporuka, na hiyo ni bei ya haki.

Australia walilipa zaidi. Kaskazini-magharibi ya Victoria na jirani yake New South Wales, mwishoni mwa laini ndefu, mashamba matano ya sola yalipunguzwa hadi nusu ya uwezo kuanzia Septemba 2019 kwa hofu ya mtikisiko wa namna hii. Waliachiwa Aprili 2020, baada ya setingi za inveta kurekebishwa na kujaribiwa. Hawakujenga laini mpya kwanza. Nalitaja kwa sababu wateja wetu wa mwisho wa laini huambiwa mara nyingi kwamba hakuna la kufanya mpaka waya ubadilishwe.

Dalili: gridi imerudi, inveta inasuasua

Volti imesharudi, lakini mkondo unapita kiasi, unarudi chini, unachukua sekunde nzima kutulia. Kilimbikizi cha kitanzi kiliendelea kukusanya makosa wakati inveta imefika kikomo cha ampea na haikuweza kufanya chochote. Gridi iliporudi kilikuwa na deni kubwa la kulipa. Tafuta setingi inayosimamisha kilimbikizi mkondo ukifika kikomo, uiwashe. Kama mkondo unapanda kwa mstari ulionyooka bila kupita kiasi, hilo si kosa, ni mwinuko uliowekwa na mtengenezaji au na shirika la umeme.

Dalili: inapanda na kushuka kwa sekunde nzima

Mtikisiko wa sekunde 4, 8, au 20 haumo ndani ya inveta. Uko kwenye kompyuta ya kituo au kwenye mkunjo wa nguvu riaktivu (ile inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi) dhidi ya volti. Kumbuka kanuni hii: kilimbikizi kikizungumza na kitu kinachochelewa, kikizidishiwa geini huyumba kwa mzunguko wa mara nne ya ucheleweshaji. Ukipima sekunde 8, tafuta ucheleweshaji wa sekunde 2. Mara nyingi utaukuta kwenye waya wa mawasiliano: inveta 20 kwenye waya mmoja, kila moja ikiulizwa kwa zamu kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Gawa waya mara mbili, ongeza kasi ya mawasiliano, au punguza geini ya kompyuta ya kituo kwa nusu.

Na kwa wateja walio mwisho wa waya wa volti ndogo, fanya hesabu kabla ya kutegemea nguvu riaktivu. Nusu kilomita ya kebo ya alumini ya mm² 50 ina ukinzani wa kama ohmu 0.32, na riaktansi ya 0.05 tu. Wingu likipisha jua na 30 kW zikaingia, volti inapanda kwa 24. Ukivuta 10 kVAr kuishusha, unapata volti moja na robo. Mkunjo mkali wa nguvu riaktivu hapo unachosha kebo bure na kuanzisha kuyumba. Punguza kasi ya kupanda kwa nguvu, au weka kikomo cha kW kinachofuata volti.

Dalili: kwenye gridi sawa, kwenye jenereta vurugu

Hoteli na viwanda vyetu vingi vinaendesha sola pamoja na jenereta umeme ukikatika. Jenereta ni gridi ndogo na dhaifu sana. Mwendo wake unashuka mzigo ukiingia, na injini inahitaji sekunde moja au mbili kurudi. Setingi zilizotulia kwenye transfoma ya 500 kVA zitafarakana na jenereta ya 150.

Usitafute setingi moja ya kuridhisha zote mbili. Tumia kundi la pili la setingi, linaloitwa na kontakti ya swichi ya kubadilishia: PLL ya polepole, kitanzi cha mkondo kilichopunguzwa, mwinuko wa nguvu wa taratibu, na amri ya kupunguza kW masafa yakipanda juu ya 50.5 Hz. Weka pia kiwango cha chini cha mzigo ambacho jenereta haitaachwa ikishuka, asilimia 30 ya uwezo wake kwa kawaida, ili sola isiisukume injini kinyumenyume siku mzigo wa hoteli ukipungua ghafla. Kisha jaribu ukiwa umesimama pale. Zima gridi kwa mkono saa sita mchana jua likiwa kali, acha jenereta ipokee, washa mota kubwa kuliko zote, na oskiloskopu iwe inasubiri. Andika kwenye kadi ndani ya mlango wa paneli tarehe, setingi za zamani, setingi mpya, na mtikisiko uliokuta kwa Hz, ili fundi atakayekuja baada yako asianze na menyu.